Vumbi la Garissa na Motokaa za Umeme



Nilipokuwa likizoni kwetu Garissa nilikuta jambo dogo katika gereji moja karibu na stendi ya mabasi, na jambo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Dereva mmoja wa teksi alikuwa amenunua Toyota Aqua, ile motokaa ndogo yenye nguvu mbili, petroli na umeme, ambayo watu huiita haibridi. Siku moja taa za hatari zikawaka mbele yake. Akaipeleka kwa fundi ambaye mji mzima wamjua, mtu aliyefungua injini za Land Cruiser zaidi ya miaka 20, awezaye kutambua kwa sikio tu kwamba nozeli imeziba. Fundi akafungua boneti, akaziona nyaya nene za rangi ya machungwa, akaifunga tena polepole kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya sanduku. Akamwambia mwenye gari, "Peleka Nairobi."

Gari likapakiwa juu ya lori, safari ya kilometa kama 370. Huko Nairobi fundi mwingine akachomeka kompyuta yake, akasoma, kisha akainama penye kiti cha nyuma, akafungua kifuniko na kutoa feni ndogo ya kupoza betri. Feni ilikuwa imejaa vumbi. Akaisafisha, akairudisha, akaandika hesabu. Fedha za lori na za fundi zikijumlishwa zilipita mapato ya mwezi mzima ya dereva yule, na siku 9 alikaa bila kazi.

Habari ilipomfikia fundi wetu wa Garissa alikaa kimya kidogo, halafu akaniambia, "Vumbi, ndugu yangu. Vumbi la hapa hapa. Nani katika nchi hii alijuaye vumbi kuliko mimi?"

Najua wako watakaouliza mtu wa reli ana shauri gani na motokaa. Jibu langu ni hili. Kaskazini Mashariki haina reli hata futi moja. Ile reli ya kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo, iliyomo katika mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2012, mpaka leo iko katika karatasi. Basi cho chote kiendacho huko, unga, sukari, miraa, dawa, mwalimu, mgonjwa, na cho chote kitokacho huko, kama maziwa ya ngamia yanayonywewa Eastleigh, huenda kwa gurudumu la mpira. Ni shida kupata ukoo usio na mtu mmoja alaye kwa dizeli: dereva, utingo, mpakizi, fundi, muuza mafuta, mziba pancha. Na magurudumu hayo mengi sana yako chini ya magari ya kampani moja, Toyota. Land Cruiser, Hilux, Surf, Probox, majina haya hata mtoto wa Habaswein ayajua kabla hajaanza shule. Kwa hiyo kampani hiyo ikibadili nia yake huko Japani, watu wetu watatikiswa, wawe wamejiandaa au hawakujiandaa.

Je, imebadili nia? Imebadili, lakini si kwa mbio kama watu wanavyodhani. Toyota ilianza kuuza Prius, motokaa yake ya kwanza ya nguvu mbili, Disemba 1997, wakati wengi wenu mnaosoma karatasi hii mlikuwa bado mwachunga mbuzi. Tangu wakati huo imeuza magari ya haibridi zaidi ya milioni 20. Lakini gari la umeme mtupu lilikuwa shauri jingine. Wenzake wa Marekani, Ulaya na China walikimbilia betri, na Toyota ikajivuta. Ndipo Disemba 2021 mkubwa wake, Akio Toyoda, akasimama mbele ya watu na kusema kwamba kufika mwaka 2030 kampani itakuwa na namna 30 za magari ya betri, na kuuza milioni 3.5 kwa mwaka. Gari lake la kwanza la safari hiyo mpya, bZ4X, lilitoka 2022, na halikumaliza miezi miwili likarudishwa kiwandani kwa kuwa bolti za magurudumu zingeweza kulegea njiani. Sisi wa karakana tulitabasamu kidogo. Umeme wote ule, na kilichowashinda ni kukaza nati.

Tena bwana huyo huyo, alipokuwa mkuu wa chama cha waunda magari wa Japani, alionya kwamba watu milioni 5.5 wa Japani hula kwa kazi ya motokaa, na kwamba kuacha injini kwa ghafla kungewaponza wengi wao. Kampani yake nayo husema kwamba madini yanayotosha betri kubwa ya gari moja la umeme yangetosha magari 90 ya haibridi. Hoja hiyo ina uzito, maana zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, na twajua namna wachimbaji wengi wa Kolwezi wanavyoishi. Lakini tajiri akilia juu ya kazi za watu yafaa kumsikiliza, na huku tukiangalia mikono yake inafanya nini. Mikono yake yaunda haibridi nyingi sana, na sasa yaunda na za betri.

Novemba 2025, huko Bangkok, walionyesha Hilux mpya, na kati ya namna zake iko moja ya umeme mtupu, isiyo na tangi wala bomba la moshi. Betri yake ni ya yuniti 59 hivi, na kwa hesabu ya kampani yenyewe huko Ulaya itakwenda kadiri kilometa 240 kabla ya kuchajiwa tena. Hesabu niliyofundishwa shule ya misheni yanitosha hapa. Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilometa 300. Basi Hilux hiyo, hata kama barabara ingekuwa kama ya Ulaya, ingeishiwa nguvu pande za Habaswein, na Wajir bado kilometa 100 mbele. Ukitia magunia nyuma, mchanga chini na jua la Machi juu, pengine isingefika Habaswein.

Niliwasimulia madereva habari hii pale stendi, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Nami nilicheka nao. Lakini mzee mmoja dereva wa njia ya Mandera hakucheka, akasema kwamba yeye katika barabara ile hasimami hata kujisaidia, sembuse kusimama saa nzima kungoja betri. Hapana aliyemjibu. Kila mtu pale alikumbuka basi la Mandera la Novemba 2014, walipouawa abiria 28. Mambo ya namna hii hayamo katika hesabu ya kilometa 240, na mhandisi wa Japani hawezi kuyajua asipoambiwa na dereva.

Niliporudi Nairobi nilikwenda kumwamkia mzee mmoja aliyestaafu zamani, ambaye ujana wake alikuwa fayamani katika yale magari ya moshi makubwa ya Garratt. Kijana asiyeyajua na aende katika makumbusho ya reli, Nairobi, akaitazame Na. 5918, Mount Gelai. Ziliundwa 34 huko Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, tani 252 kila moja, na hazijapata kuundwa kubwa kuliko hizo kwa reli ya upana wa mita moja. Nilimwambia mzee habari za Hilux na kicheko cha stendi, halafu nikamwuliza, "Mzee wangu, na nyinyi dizeli zilipokuja mlisemaje?"

"Tulizicheka, mwanangu," akasema. "Hazikuwa na moshi, hazikuwa na sauti. Tukasema hizi ni makopo, zitakufa kwenye mlima wa Mau. Siku moja wakaja na karatasi, wakataka majina ya watu wa kwenda darasa la dizeli. Mimi nikasema, andikeni watoto. Wakaandikwa watoto." Akanywa chai yake. "Watoto wale ndio waliokuja kuwa madereva. Mimi nilimaliza kazi yangu nikiwafungulia mlango wa shedi."

Hakumlaumu mtu. Alisema tu hivyo, kisha akaniuliza habari za wanangu.

Sasa nataka tuelewane juu ya jambo moja ambalo madereva wetu wa Garissa hawajaliona, kwa kuwa macho yao yako kwenye Hilux ya betri. Hilux ile si ya kesho kwetu. Kitakachotufikia kwanza ni haibridi, nayo haitakuja kwa tangazo. Itakuja kwa meli, katika bandari ya Mombasa, pamoja na magari mengine yaliyokwisha kutumika. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingia nchini. Maana yake ni kwamba motokaa anayoinunua Mjapani mwaka huu ndiyo tutakayoinunua sisi baada ya miaka saba au minane. Hatuchagui, twapokea kile alichochagua yeye zamani. Na Wajapani wamekuwa wakichagua haibridi miaka mingi. Hata Probox, punda wetu wa mizigo, iliongezewa namna ya haibridi mwishoni mwa 2018, na hizo za wakati huo zimekwisha kufikia umri wa kupanda meli. Siku moja fundi wa Bura au wa Modogashe atafungua boneti ya Probox aliyoizoea, na ndani atakuta zile nyaya za machungwa.

Sisi wa reli tunaweza kuwasaidia hapa, maana jambo hili si geni kwetu. Injini zetu za dizeli haziendeshi magurudumu kwa gia kama lori. Dizeli yazungusha jenereta, jenereta yatoa umeme, umeme waenda kwenye mota zilizoshikamana na ekseli, na mota ndizo zivutazo gari. Nissan Note ya namna iitwayo e-Power, iliyotoka Japani mwaka 2016, yafanya vivyo hivyo kwa petroli. Ile ya Toyota yatofautiana kidogo, kwa kuwa injini na mota zaweza kusaidiana kuzungusha gurudumu. Tena sisi tunapoteremka mlima twazigeuza mota kuwa jenereta ili zishike breki, na umeme ule twauchoma bure juu ya paa uwe joto. Motokaa ya haibridi hauchomi. Huurudisha katika betri, ikautumia tena wakati wa kupanda. Hiyo ni sehemu kubwa ya siri yake ya kula petroli kidogo. Fundi aliyekwisha kufanya kazi chini ya injini ya dizeli ya reli angeielewa kwa siku mbili.

Lakini sharti afundishwe, kwa sababu umeme huu waua. Betri ya Aqua ni ya volti 144, na chombo chake cha kupandisha nguvu chaweza kuifikisha volti 520. Umeme wa nyumbani ni 240. Mafundi wetu wamezoea betri ya volti 12, ambayo kosa lake ni cheche na kucheka. Huku kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho. Kabla ya kugusa nyaya zile gari lazimwa, ufunguo wawekwa mbali, betri ndogo yafunguliwa, mtu avaa glavu za mpira za kazi hiyo, achomoa plagi ya usalama, kisha angoje dakika 10 umeme uliobaki ufe. Tena gari hili likiwa kimya si dalili kwamba limezimwa; laweza kuwa tayari kuondoka, na injini ikajiwasha yenyewe wakati mkono wako uko ndani. Nilimwuliza fundi kama kuna jozi moja ya glavu za namna hiyo Garissa. Alinionyesha glavu alizotumia kumwagilia miche.

Na juu ya joto: betri haipendi joto kama maziwa yasivyopenda. Garissa siku nyingi hupita nyuzi 35. Feni ile ndogo penye kiti cha nyuma ndiyo mapafu ya betri, na abiria wetu huifunika kwa mizigo na mashuka, na vumbi laingia kila siku. Kule ilikotengenezwa pengine husafishwa mara moja kwa miaka kadhaa. Kwetu labda ni kila mwezi. Nasema labda, kwa sababu jibu la kweli lingetoka kwa fundi wetu mwenyewe kama angeruhusiwa kujifunza, na kitabu cha kampani kingepata cha kujifunza kwake.

Wako wasemao mambo haya ni ya Nairobi, kwa kuwa huko ndiko uliko umeme. Ni kweli kwa nusu. Wajir na Mandera bado huishi kwa mitambo ya dizeli iliyosaidiwa na jua, na Habaswein jua pamoja na upepo, yaani hata stesheni zao za umeme ni haibridi, kama Aqua. Lakini Garissa? Disemba 2019 kilifunguliwa hapo kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, katika ekari zaidi ya 200, kilichojengwa na Wachina kwa mkopo wa benki yao ya Exim. Nilipiga hesabu mara mbili ili nisiwadanganye: jua likiwa kali, nguvu ya saa moja ya kituo kile yatosha kujaza betri za Hilux kama 800. Hazipo Hilux 800 za umeme, najua. Nasema tu kwamba umeme upo, nao wapita mbele yetu ukienda katika njia kuu ya nchi, kama mto Tana upitavyo mji ukienda zake baharini. Aprili 2023 iliwekwa bei maalum ya umeme wa kuchaji magari, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na malipo mengine. Kwa bei hiyo kujaza betri ile ya Hilux hakungefika shilingi 1,000 kabla ya kodi hizo. Kwa umbali huo huo dizeli ingekuwa lita 20 au zaidi, na kila mtu ajua alilipa ngapi juzi, hasa mtu wa Mandera, ambako mafuta huuzwa ghali kuliko po pote Kenya.

Na huyo mtu wa Mandera atazame ng'ambo ya mpaka. Ethiopia mwaka 2024 ilikataza kabisa kuingiza motokaa ndogo za petroli na dizeli. Za umeme peke yake ndizo ziruhusiwazo. Jambo la ajabu kwa nchi yenye barabara ngumu kama zetu, lakini wamelifanya, kwa kuwa umeme wa maji wanao na fedha za kununua mafuta hawana. Biashara ya mpakani ina miguu. Nao Watanzania, Julai 2024, gari la moshi la umeme lilianza kwenda toka Dar es Salaam hadi Dodoma. Sisi tulio kwenye dizeli za Mombasa na Naivasha tusijifanye kwamba shauri hili ni la watu wa matairi peke yao.

Yako mambo mawili ya kujifunza kwa wenzetu. La kwanza ni la Marekani. Septemba na Oktoba 2023 chama cha wafanya kazi wa magari, UAW, kiligoma wiki sita dhidi ya kampani tatu kubwa, Ford, General Motors na Stellantis. Watu walidhani ni mshahara tu. Lakini walidai pia habari ya viwanda vipya vya betri, ambavyo matajiri walitaka viwe nje ya mapatano, na General Motors ikakubali watu wa betri waingizwe ndani. Hawakungoja injini ya mwisho itoke kiwandani ndipo waulize.

La pili ni la hapa hapa. Mwaka 2018 kampani moja ya teksi za umeme, Nopea, ilianza Nairobi kwa sifa nyingi, na mwishoni mwa 2022 ikafungwa. Umeme peke yake hauhakikishi kazi. Mabasi ya umeme ya BasiGo yaliyoanza Nairobi mwaka 2022 yameendelea vizuri zaidi, na mengine yameundwa Thika katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers. Thika ndiko ianziako barabara ya Garissa. Kila kijana wetu aendaye Nairobi kutafuta kazi hupita mji huo. Wangapi kati yao wamekwisha kushuka pale kuuliza kazi ya kuunganisha betri?

Haya ndiyo tunayotaka chama chetu kiyapeleke katika mkutano ujao wa tawi, na kutoka hapo kwa COTU na vyama vya madereva na mafundi, kwa kuwa peke yetu hatuna nguvu ya kutosha. Kubwa kuliko yote ni darasa, na liwe Garissa mjini. Chuo cha ufundi kipo, kina mabenchi na walimu. Kinachokosekana ni motokaa moja ya haibridi ya kufungulia, vyombo vya kupimia na jozi kadhaa za glavu. Waalikwe mafundi wazee wa jua kali, siyo vijana wenye vyeti tu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua utaratibu wa kumtambua mtu kwa ujuzi alioupata kazini hata kama hakukaa darasani. Basi fundi wa miaka 20 apimwe kwa mikono yake, na gredi yake iongezewe sehemu ya umeme mkali. Hatutaki aanze tena kama mwanagenzi mbele ya watoto wake.

Pia wauzaji wa magari haya, wakubwa na wadogo, wafungue vitabu vyao. Gari likitaka kompyuta ya kampani ndipo liseme ugonjwa wake, na kompyuta hiyo iko Nairobi peke yake, basi fundi wa Garissa amefutwa kazi bila barua. Hili litapingwa sana, maana lina fedha ndani yake.

Na kwa madereva liko swali ambalo sijasikia mtu akiuliza. Wengi hulipwa kwa safari. Gari likikaa saa moja au mbili likichajiwa, saa hizo ni za nani? Mwenye gari atasema gari limepumzika. Dereva hakupumzika; amekaa juani akililinda. Yafaa jambo hili liandikwe katika mapatano sasa, wakati hakuna aliyezoea kufanya vingine. Wauza mafuta nao wafikiriwe. Sina jibu kamili juu yao, ila naona pampu na chaji zaweza kukaa uwanja mmoja na mtu mmoja akazilinda zote mbili.

Wanachama wengine wa kamati walinishauri nisiandike habari za darasa kabla ya kupata ahadi ya mtu wa kulilipia. Nimeandika hata hivyo. Ahadi hupatikana upesi zaidi kukiwa na karatasi yenye majina.

Karatasi hiyo iko kwa katibu wa tawi, na nyingine nimeiacha katika ile gereji karibu na stendi, chini ya jiwe, kwa ajili ya upepo. Anayetaka darasa aandike jina, kazi yake na miaka aliyoifanya. Jina la kwanza ni la fundi wetu. La pili ni la kijana wake wa spana. Mahali pa tatu mtu ameandika "Dereva wa Aqua" na namba ya simu, bila jina, naye pia tumemhesabu.